Kidole Kinachopungua Kila Asubuhi

Mpendwa Mama Valérie,

Nakuomba msaada, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi kuna mtu atatolewa nyumbani mwangu na hatarudi vile alivyotoka, mimi si mtu wa kuandikia redio mambo ya nyumba yangu, mimi ni mwanamke niliyejijenga mwenyewe, nilianza na sinia moja ya samaki wadogo, nimekaa chini kwenye soko la Mudzipela hapa Bunia watu wananiruka kama jiwe, leo nina meza tatu na samaki wa moshi wanapanda kutoka ziwani Kasenyi kwa jina langu, na hakuna mtu wa kunidanganya kwa kilo, nikishika samaki nakuambia uzito wake kabla mzani haujasema, na mzani ukikataa basi ni mzani ulioharibika.

Mkono huo ndio shida yenyewe.

Sokoni wananiita Mukono ya Chuma, na jina hilo sikupewa bure. Samaki wa moshi akikaa anashika unyevu, lazima umrudishe juu ya moto, wenzangu wanawageuza kwa kijiti, mimi nawageuza kwa vidole, sufuria ya bugali naitoa kwenye babula, jiko letu la makaa, bila kitambaa, wateja wanakuja kuangalia, wengine wanaleta na wageni wao, "Angalieni huyu mama, moto unamuogopa!" na mimi nacheka, kwa nini nisicheke, zamani nilikuwa napiga kelele na kunyonya vidole kama mtu yeyote, lakini kazi imenikomaza, niliona ni malipo ya jasho langu.

Sasa nikueleze kidonda. Kabla ya Pasaka mwiba wa mgongo wa samaki ulinichana kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, pembeni ya ukucha, kitu kidogo kabisa, kama punje ya mchele, hata sikujua, ni mteja aliyeniambia, "Mama, unatia damu kwa samaki wangu," nikambadilishia samaki, nikafunga kidole na kipande cha pagne, kitenge changu, nikaendelea na wateja wengine. Kidonda cha mchele kwa mtu wa samaki ni nini? Lakini kidonda hiki, Mama Valérie, mchana kinafunga na asubuhi nakikuta wazi. Kinaota ganda vizuri, ganda gumu, jeusi, nalala nalo, naamka ganda halipo, na chini yake nyama imekuwa safi, pinki, kama imeoshwa. Shuka haina damu au ina tone moja tu. Na ukingo wa kidonda hauko laini kama wa kisu, uko na vijino vijino, kama kitambaa kilichokatwa na mtu mwenye mkono wa kutetemeka. Mimi ni mtu wa kupima, nakipima kwa mbegu kwa sababu mbegu hazina uongo, kilianza mchele, kikawa mbegu ya boga, sasa ni haragwe, na ncha ya kidole imeanza kuwa fupi. Nimevilinganisha vidole vya mwisho vya mikono miwili, ukucha kwa ukucha. Cha kushoto kinapungua. Kidole changu kinaenda mahali fulani, Mama Valérie, na mimi sijui ni wapi.

Usiniambie sijakitunza. Nimekiosha kwa maji ya chumvi. Nimefungua capsule za dawa nikamwaga unga wake ndani mpaka kidonda kikawa cha njano, nimeweka majivu, na mwisho nikarudi kwa dawa ya kwetu, maana sisi ni watu wa ng'ombe, mama yangu alinitumia siagi ya ng'ombe kwenye kikopo, ile ya zamani, yenye harufu, bibi zetu walipaka watoto siagi hiyo na hakuna aliyebaki na kovu, basi kila jioni napaka, napaka kwa wingi, nafunga kitambaa, nalala. Na tangu nilipoanza siagi kidonda kinakwenda mbio zaidi. Hapo ndipo nilianza kujua kwamba hii si kazi ya mwiba.

Kwa maana nilipiga hesabu. Nyumba yangu ina mlango mmoja, dirisha la chumba changu lina nondo, kufuli ziko mbili na funguo zote nalala nazo. Bwana yangu Adolphe yuko Mahagi-Port, anafuata mambo ya mitumbwi, anarudi akitaka. Chumbani ninalala mimi kitandani, na kwenye mkeka analala Ketsia, semeki yangu, mdogo wa bwana yangu, binti mkubwa aliyemaliza shule akaletwa kwangu kwa neno la familia bila mtu kuniuliza kama nina nafasi, na nafasi sina, kwa sababu samaki wangu nawalaza humohumo, mafurushi yamepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, siwezi kuwaacha nje, jasho langu siwezi kulilaza nje. Nikamwaga unga wa muhogo mlangoni na chini ya dirisha, mwembamba, hata kuku angeandika jina lake. Asubuhi unga ulikuwa vilevile. Hakuna aliyeingia. Basi tuko wawili ndani, toa mimi, anabaki mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa shule anaifanya.

Na si hesabu peke yake. Kitambaa ninachofungia kidole, asubuhi sikikuti kidoleni, nakikuta sakafuni, siku moja nilikikuta karibu na mkeka wa Ketsia, kimetafunwatafunwa. Pagne yake niliiona na tone la damu. Samaki nao wamemegwa, mkia wa huyu, tumbo la yule, nikimuuliza anasema, "Si miye, Yaya," ananiita Yaya kama dada yake wa tumbo moja, kwa heshima kabisa, na heshima hiyo ndiyo inanitisha.

Halafu ilikuja ile alfajiri. Nilifungua macho, mwanga bado wa kijivu, nikamuona Ketsia amechuchumaa kando ya kitanda changu, hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu uliokuwa unaning'inia. Hakusogea. Nilimuuliza:

"Weye Ketsia, unafanya nini hapo?"

"Ninachunga mukono yako, Yaya."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ile kitu. Kuko kitu inakujaga kukupulizia. Inapuliza, inanyamaza, inapuliza tena. Nikiwasha simu, inaisha."

"Uliiona?"

"Hapana ona. Ninasikia tu. Na weye hapana amuka. Ninakuita, weye hapana amuka."

Mama Valérie, nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kufulia mpaka jua likanipata. Mtu anawezaje kujua kuna kitu kinakupulizia kama yeye hakukituma?

Nilimweleza Mama Domitille, anauza chumvi karibu na meza yangu na ana chumba cha maombi nyuma ya nyumba yake, hakushangaa hata kidogo, aliniambia, "Mama, mwizi hapana sema 'ni miye'. Mwizi anasema 'nilisikia mwizi'." Akaniambia damu haipotei bure, kuna mahali inanywewa, na kwamba huyo binti akae kwake kavu, bila chakula wala maji, mpaka aseme, na atasema, wote husema. Atakuja kumchukua Jumamosi. Ketsia bado hajui, anaendelea kunipashia maji ya kuoga. Sokoni nako wamekwisha kunusa, jana mwenye kuuza mkaa alinipigia kelele mbele ya wateja, "Mukono ya Chuma, hata chuma inashikaka kutu!" watu wakacheka, na mimi nilicheka, lakini mkono niliuficha ndani ya pagne.

Usije ukaniambia ni ugonjwa, sijawahi kulazwa, nina nguvu kuliko wasichana, nina doa moja tu hapa karibu na kiwiko, limefifia kidogo kuliko ngozi, halinisumbui, haliwashi, hata nikitota jasho mwili mzima pale panabaki pakavu, na vidole viwili vya mwisho vimeanza kujikunja kama ndoano, lakini hiyo ni juu ya kushika kisu tangu ujana.

Adolphe nikimpigia simu anasema nisimguse dada yake, hiyo tu, hakuniuliza kidole kikoje. Kila mtu ana ndugu wa kumtetea, mimi nina hesabu yangu peke yake, na hesabu inasema ni Ketsia. Nimtoe au nisimtoe?

Mimi, Mukono ya Chuma, Mudzipela.

* * *

Mukono ya Chuma,

Walioandika mbele yako watanisamehe, barua zao nimeziweka kando. Yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimuogopea Ketsia. Mara ya pili nilikuogopea weye, na woga huo wa pili bado uko nami hapa mbele ya mikrofoni.

Jibu ulilouliza ndilo hili: usimtoe. Mpigie Domitille leo, umwambie asije. Sasa kaa chini, nikuonyeshe hesabu yako ilipoharibika.

Ulihesabu watu. Samaki hukuwahesabu. Katika chumba hicho mko weye, Ketsia, na mafurushi ya samaki wa moshi mpaka kwenye bati, na mimi niliyezaliwa Bunia na kuzeeka Bunia sijaona bado mtu aliyelaza samaki chumbani akakosa kulaza na panya. Unga uliumwaga mlangoni na dirishani, mahali pa mtu. Panya haombi ufunguo. Yuko ndani tangu furushi la kwanza, anakaa nyuma ya mali yako, anakusikia unavyofunga kufuli. Mimi sijafika kwako, basi usiniamini kwa mdomo: jioni hii mwaga huo unga kuzunguka miguu ya kitanda na chini ya mafurushi, kisha usome asubuhi. Weye ni mtu wa kupima, pima mahali panapostahili.

Mikia ya samaki unasema ni Ketsia. Mama, binti mwenye njaa na nyumba imejaa samaki atakula mgongo. Anayeanza na mkia ni yule anayefika kwa mkia kwanza. Kitambaa kilichotafunwa, kilikuwa na nini? Siagi. Na tone la damu kwenye pagne ya binti, wakati anakuambia kwa mdomo wake kwamba amekaa macho akiuchunga mkono wako unaotoka damu, ulitaka liangukie wapi?

Siagi hiyo siitukani. Mimi pia nilipakwa. Kwa ngozi kavu ya mtoto, ni nzuri. Lakini hebu jisikilize: kila jioni unakipaka kidole siagi ya ng'ombe yenye harufu, kwa wingi, unakilaza kando ya kitanda, hatua moja tu kutoka kwenye samaki. Umetayarisha meza. Umewasha mpaka na taa. Na unashangaa kwamba tangu siagi ianze mambo yanakwenda mbio.

Najua unavyonijibu sasa hivi, weye na wote mnaonisikiliza: ndiyo, panya huuma na kupuliza, ndiyo maana sikuamka. Hapo ndipo nataka unyamaze kidogo.

Methali hiyo tumeimeza siye wote tukiwa wadogo. Juu ya watu inasema kweli tupu, nawajua wengi wanaouma hivyo. Juu ya panya inatulaza usingizi. Panya ananusa, na katika chumba kimya mtu aliye macho anamsikia akinusa karibu na ngozi, anasikia kama mtu anapuliza. Ketsia alisikia kweli. Lakini pumzi ya panya haina dawa ya ganzi ndani yake. Jino lake likigusa ncha ya kidole chenye uhai, kidole chako cha mwisho, pembeni ya ukucha, pale ambapo hata kibanzi cha kuni kinakutoa machozi, ungeamsha Mudzipela nzima mpaka na mbwa. Weye ulilala. Asubuhi baada ya asubuhi ulilala, mtu anakuita jina na kitu kinakula, na ulilala.

Basi nikarudi kwenye barua yako kutafuta neno moja. Umeniandikia kidonda chako rangi yake, ukingo wake, ukubwa wake kwa mchele na boga na haragwe, sijawahi kupokea kidonda kilichoandikwa vizuri hivyo. Nikapita mstari kwa mstari na kalamu. Hakuna mahali popote ulipoandika kwamba kinauma.

Mwiba ulikuingia, ni mteja aliyekuambia. Chumvi uliimimina ndani ya nyama, hukusema kitu. Majivu, hukusema kitu. Sufuria unaitoa motoni, samaki unawageuza juu ya makaa, na unaniandikia kwamba zamani ulikuwa unapiga kelele na siku hizi hapana. Ulidhani kazi imekulipa. Dada yangu, kazi hukomaza ngozi, inaweka sugu, lakini chini ya sugu mtu bado anajua moto ni moto. Wanasema moto unakuogopa. Moto haujui kuogopa. Ni mkono wako ulioacha kukuita.

Mimi si daktari. Nilimsomea muuguzi mmoja ninayemuamini ile sehemu ya doa lisilowasha wala kutoka jasho na vidole vinavyojikunja kama ndoano. Alisema, "Mwambie aje kesho, asingoje Jumamosi." Kisha akanieleza kwamba kuna magonjwa yanayozima mishipa ya hisia polepole, mtu anabaki na nguvu zake zote, hakohoi, hakondi, anacheka na wateja, huku vidole vinaacha kusikia. Moja ni sukari. Lingine ni ukoma. Nimelitaja kwa sauti, halitakuua kwa kutajwa. Linatibika, kwa vidonge, na vidonge hivyo mgonjwa halipi. Anayeanza kuvimeza haambukizi jirani. Lakini kidole kilichokwisha kwenda hakirudishwi na kidonge, ndiyo maana nakusukuma hivi. Inawezekana si hilo wala lile. Atakayejua ni yule atakayekugusa ngozi na kukupima, na mimi ninakusikia tu kwa karatasi.

Kesho asubuhi, kabla ya soko, uende centre de santé, kituo cha afya cha karibu. Soko halitakufa. Ukifika usiseme tu "nina kidonda", watakufunga pansement, kitambaa cha kidonda, urudi nyumbani. Sema hivi: nimeliwa na panya na sikusikia. Waonyeshe doa. Waonyeshe vidole viwili vilivyojikunja. Omba wakupime sukari, omba waangalie hisia ya ngozi, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda, kwa sababu mwiba wa samaki na jino la panya vyote vinaingiza uchafu ndani ambako sabuni haifiki. Jino la panya linaleta na homa yake, basi ukipata joto la mwili, ukiona kidole kimevimba, kina usaha, kinanuka, au wekundu unapanda kuelekea kiganja, usisubiri zamu yako kwenye benchi, sema kwa sauti.

Usiku wa leo kwanza fanya hivi. Chemsha maji, yaache yapoe, nawa mikono yote miwili kwa sabuni, na joto la maji mwache Ketsia alipime kwa mkono wake, wako sitauamini mpaka upimwe. Osha kidonda kwa maji hayo na sabuni, taratibu, utoe siagi yote na ule unga wa capsule. Ule unga haukusaidia kitu: dawa ya kumeza inamezwa, na ya kumeza inatolewa na mwenye kuijua, ukiimwaga juu ya kidonda inaganda, inafungia uchafu chini, unaona ganda unafurahi. Majivu ni hivyohivyo. Ganda la kweli linajengwa na mwili wenyewe, na linahitaji kidonda kisafi na kitulivu. Kikaushe kwa kitambaa kilichochemshwa na kupigwa jua, weka pansement safi, kavu, isibane, ubadilishe kila siku na kila inapolowa. Kwa mwenzako asiye na shida yako, kidonda cha mchele kinatunzwa hivyo na kinafunga kabla ya kukisahau. Kinachopita wiki mbili bila kufunga kinapelekwa kwa muuguzi. Kisichouma kinapelekwa siku hiyohiyo. Siye tumezoea kukimbia kwa muuguzi na kile kinachotupigisha kelele, na kile kilichonyamaza tunakisifu.

Samaki watoke chumbani leo. Usiniambie wezi. Mwizi wa nje atachukua furushi. Huyu wa ndani anachukua mkono uliokujengea mafurushi yote. Lala chini ya chandarua, kingo zake uzikunje chini ya godoro, mikono ndani. Na motoni, kuanzia leo, kijiti, kama wenzako. Wateja wakiuliza, waambie onyesho limekwisha.

Sasa turudi kwa Ketsia, maana hapo nina hasira na weye na sitaificha. Umeniandikia kwamba atatoka na hatarudi vile alivyotoka. Basi ulijua. Ulijua binti anayefungiwa bila maji atasema chochote, atasema alikula kidole, atasema alikula na vya jirani, na ulijua katika mji wetu jina la mchawi likishatoka mdomoni halirudi, linamtangulia mtu njiani, linamngoja kwenye kila kiosk. Na bado uliandika Jumamosi kama mtu anayeandika siku ya kupokea mizigo. Domitille angekuja kwa upole, angemwita "binti yangu". Na Jumapili asubuhi ungeamka peke yako chumbani, umefunga kufuli zako mbili, na ganda lingekuwa halipo. Ungemtuhumu nani sasa? Ungekuwa umebaki na mmoja, na huyo mmoja ni weye.

Katika chumba hicho, mama, viumbe wote walikuwa wanakula au wamelala. Mmoja tu alikaa macho bila taa, anaogopa kitu asichokiona, akiuchunga mkono usio wake. Umelalamika kwamba kila mtu ana wa kumtetea na weye huna. Alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda chako. Ulimkimbia ukaenda kukaa na jiwe la kufulia.

Kwa hiyo, ukimaliza kunisikiliza, mwite. Sikuagizi umwombe msamaha hewani, hayo mtayamaliza kwa lugha yenu. Keti mahali penye mwanga, funga macho, mpe mikono yote miwili, na mwambie akuguse vidole kwa ncha ya uzi, kimoja kimoja, bila mpangilio. Kila ukisikia, sema. Yeye ahesabu alivyogusa, weye uhesabu ulivyosikia, na hizo hesabu mbili ndizo mtakazompelekea muuguzi kesho, mkiwa wawili.

Halafu vua viatu. Mkono wako umeniandikia kurasa nzima kwa sababu unafanya kazi mbele ya macho yako. Miguu hujaniandikia hata mstari mmoja, na miguu nayo inaweza kuwa imeacha kusikia, na inalala chumba kimoja na mafurushi. Mwambie Ketsia akutazame nyayo na katikati ya vidole. Nyayo zake mtu hawezi kuzitazama vizuri peke yake, anahitaji macho ya mwingine aliyekaa chini karibu naye. Usiyafukuze.

Mama Valérie.